Tafadhali, msiniambie "usikate tamaa"

Kimya kimekuwa kirefu mno, najua. Mara ya mwisho kuandika humu nilikuwa nalalamika kuhusu maji kukatika bwenini, na nadhani wengine mnafikiri mpaka leo nimekaa na ndoo nasubiri maji. Maji yalirudi zamani. Aliyepotea ni mimi.

Wengi mmekuwa mkiniuliza pale kwenye vimbweta, "Kamera iko wapi siku hizi?" Nami nimekuwa nikijibu kijuujuu, mara lenzi ina ukungu, mara nina testi, mara betri haikai na chaji. Leo nataka nijibu vizuri. Ni habari ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye kipindi saa nane aende kwanza, atanikuta.

Kwa wasionifahamu: nasoma ualimu, mwaka wa tatu, Kiswahili na Jiografia, na tangu mwaka wa kwanza nimekuwa mpigapicha wa kuungaunga. Kamera yangu ni Nikon D3200 ya mtumba, niliyoinunua Kariakoo kwa kuunganisha bumu na hela ambayo dada yangu alidhani ananilipia hosteli. (Dada, kama unasoma hapa, tutaongea.) Nimepiga bethidei, kipaimara, ligi ya vitivo, hata paspoti za dharura kwa kutumia shuka jeupe ukutani. Nilikuwa najiona nimeshatoka.

Basi bwana, yakaja mahafali ya Novemba 2024. Nilikuwa na wateja sita, familia sita. Mmoja wao alikuwa kaka tuliyekuwa tunakaa naye korido moja, ambaye baba yake alipanda basi kutoka Sumbawanga, akapita Tunduma, akapita Mbeya, siku na usiku, akashuka Mbezi na koti lake la suti kwenye mfuko wa nailoni ili lisikunjamane. Mzee mrefu, mwembamba, hasemi sana. Nilimpiga picha kama mbili tatu amesimama kama askari. Halafu mwanawe akavua joho akamvisha baba yake, na kofia juu. Mzee akajitazama, akatazama mikono ya joho ilivyo mifupi kwake, akacheka. Akacheka kweli, mpaka akashika mti. Mimi nikabonyeza.

Hiyo picha hamjaiona na hamtaiona. Ilipotea pamoja na nyingine za familia nne.

Nilichowaambia watu, mzee na mwanawe wakiwemo, ni kwamba memori kadi iliharibika. "Kadi imekufa." Nikarudisha hela za watu, zile nilizokuwa bado nazo, na nyingine nikalipa kidogokidogo hadi Februari. Mzee alikuwa ameshaondoka kesho yake alfajiri kwa sababu nauli ya kulala haikuwepo. Na mimi kamera nikaifunga kwenye begi, begi nikalisukuma chini ya kitanda.

Sasa jamani, nilifarijiwa! Sijawahi kufarijiwa hivyo hata nilipopata sapu. "Usikate tamaa kaka." "Mungu ana makusudi yake." "Ni vifaa tu, wewe kipaji unacho." Mwingine akanitumia habari za watu maarufu walioshindwa mara mia halafu wakafanikiwa. Nilisoma zote. Kila nikisoma nazidi kujisikia vibaya, na kwa muda mrefu sikujua kwa nini faraja nzuri namna ile inanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nilikuja kujua nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, Julai na Agosti 2025, huko nilikopangiwa. Nilikuwa na kidato cha tatu, Jiografia, na kama kuna mtu ananicheka huko juu, mada iliyokuwa inaendelea ilikuwa ni usomaji wa picha. Nafundisha watoto kusoma picha wakati mwenyewe ninaogopa kuishika kamera! Basi nikatoa zoezi, nikakusanya madaftari sabini na kitu, nikasahihisha usiku kwa tochi ya simu. Waliokosa nikawaandikia kwa kalamu nyekundu neno moja: Jitahidi. Jitahidi. Jitahidi. Nadhani niliandika jitahidi arobaini.

Kesho yake binti mmoja akanifuata ofisini na daftari lake mkononi. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nijitahidi nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ametazama picha ya mashamba ya ngazi mlimani, akaandika kwamba ni machimbo. Nilikuwa sijamwonyesha alipokosea, nilikuwa nimemwonea huruma tu kwa wino mwekundu. Nikachukua daftari, tukakaa, nikamwonyesha mistari ya matuta inavyofuata mlima na jinsi machimbo yanavyoacha udongo mtupu. Dakika tano tu. Akasema "Ahaa," akaondoka. Hakuonekana kuhitaji kufarijiwa.

Ndiyo hoja yangu ya leo, wadau. Hili neno "usikate tamaa" tunalogawa kama pipi kwa kila mtu ambaye kazi yake imeharibika, awe mpigapicha, mchoraji, mwimbaji wa kwaya au yule jamaa wa bongo fleva wa chumba namba 14, ni "jitahidi" ya kalamu nyekundu. Halimwambii mtu alipokosea. Na baya zaidi, halimuulizi kama alikosea.

Maana ukweli ni huu, na ninauandika kwa mara ya kwanza: kadi haikufa. Kadi ipo, hata sasa inafanya kazi. Jioni ile ya mahafali nilikuwa nahamisha picha kwenye laptopu ya rumeti wangu, laptopu ambayo haina betri, inategemea ukuta. Umeme ukakatika katikati. Uliporudi nikaona folda liko pale, nikajua tayari. Sikulifungua. Nilikuwa na haraka kwa sababu kulikuwa na sherehe Sinza, na nilihitaji nafasi kwenye kadi. Nikafomati. Nikaenda Sinza nikapiga picha zaidi ya mia tatu za watu wanakata keki. Usiku wa manane ndipo nilipofungua folda, nikakuta familia mbili tu.

Tena kuna kitu nilikuja kujifunza baadaye ambacho kiliniuma kuliko vyote. Ukifuta au ukifomati kadi kwenye kamera, mara nyingi picha zenyewe haziondoki pale pale. Kinachofutwa ni ile orodha inayosema picha gani iko wapi, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Ukiacha kuitumia kadi saa ile ile, kuna programu zinazoweza kuzirudisha. Kinachoziua ni kupiga nyingine juu yake. Maana yake mzee wa Sumbawanga alikuwa bado yumo kwenye kadi ninapanda daladala kwenda Sinza. Nikamfunika na keki.

Sasa mtu akikuambia "ni bahati mbaya, usikate tamaa," wakati unajua haikuwa bahati mbaya, unafarijiwa kwa ugonjwa ambao huna. Dawa ya malaria haitibu jino. Ndiyo maana nilikaa mwezi baada ya mwezi bila kupona.

Na sidhani niko peke yangu. Mnamfahamu Robert Capa? Yule aliyepiga picha za wanajeshi wa Marekani wakitua ufukweni Normandy, tarehe 6 Juni 1944. Picha kumi na moja tu ndizo zilizojulikana kutoka ufukweni, zimetikisika, na dunia inazipenda hivyo hivyo. Kwa miaka mingi habari iliyosimuliwa ni kwamba alipiga nyingi sana, lakini kijana wa maabara kule London alizidisha joto wakati wa kukausha filamu, picha zikayeyuka. Tangu 2014 wapo watafiti walioichambua habari hiyo na kuona haishikiki, na mhariri mwenyewe aliyezipokea picha zile London, John Morris, akiwa mzee sana alikubali kwamba huenda kwenye zile filamu nyingine hakukuwa na kitu. Huenda Capa alipiga chache tu akaondoka, na nani angemlaumu, risasi zilikuwa zinanyesha. Mimi simhukumu Capa. Ninamfikiria yule kijana wa maabara aliyebebeshwa lawama miaka yote ile. Memori kadi yangu, angalau, haina familia.

Nisieleweke vibaya. Si kila pigo ni kosa lako, na hapa ndipo penye kazi. Chukueni jambo la pili lililonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha ya mama mmoja muuza uji nyuma ya maktaba, alfajiri, mvuke umempanda usoni. Niliiweka mtandaoni, mkaipenda. Baada ya miezi kadhaa nikaiona kwenye bango kubwa la taasisi moja (siitaji), jina langu halipo, na yule mama hajaulizwa. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa, "Kijana, shukuru imeonekana." Na marafiki, kwa nia njema kabisa, wakaniambia tena: usikate tamaa, hiyo ni dalili kwamba unajua!

Hapo sikuwa nimekosea kitu. Hapo nilitakiwa nikasirike, nikapeleka kwenye kesi yangu faili halisi lenye tarehe, nikataja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ambayo inalinda picha kama inavyolinda wimbo. Badala yake nikaingia chumbani nikaanza kujiuliza kama nina kipaji. Mnaona mkanganyiko? Nilipokosea nikalalamikia vifaa, nilipoibiwa nikajilaumu.

Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kupiga maelfu ya watu wa mji ule wakiwa wamevaa vizuri, alipata kitu kama hicho kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa kwenye maonyesho New York na chini yake pameandikwa kwamba mpigapicha hajulikani. Hajulikani! Mtu ambaye Bamako nzima ilipanga foleni mlangoni kwake! Alikuwa hai, yuko nyumbani kwake. Baadaye mtu alifunga safari hadi Mali kumtafuta, akampata, na jina likarudi mahali pake kabla hajafariki mwaka 2001. Jina lake halikurudi kwa sababu Keïta alijitahidi zaidi. Lilirudi kwa sababu kuna mtu aliuliza swali: hizi ni za nani?

Na tafadhali, mkinipenda, msinitumie tena habari ya Vivian Maier. Nimetumiwa na watu watano. Ni yule mama aliyekuwa yaya huko Chicago, akapiga picha zaidi ya laki moja bila kuonyesha karibu mtu yeyote, nyingine hata hakuzisafisha, zikanunuliwa mnadani mwaka 2007 kwa sababu hakulipia chumba cha kuhifadhia mizigo, na leo ni maarufu duniani. Watu huisimulia kama faraja: endelea tu, siku moja utagunduliwa. Jamani, alifariki 2009 bila kujua lolote. Mimi naisoma kama habari ya mtu aliyepiga picha kwa sababu alitaka kutazama, basi, na hilo ni jambo kubwa peke yake. Lakini kama ahadi ya kuja kugunduliwa, inamsaidia nani? Nani ananunua tiketi ya basi litakalofika akiwa kaburini?

La tatu ni shindano. Mwaka 2025 mwanzoni, kabla ya mazoezi ya kufundisha, rumeti alinishika mkono nikatuma picha kumi kwenye shindano moja la vijana. Nilikataliwa kwa barua pepe ya mistari miwili, bila sababu. Nikaweka begi chini ya kitanda tena, safari hii nikalisukuma kwa mguu.

Lakini baada ya yule binti na daftari lake, niliporudi Dar nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mapema. Nilizisafisha zile picha kumi, nikazipeleka kwa mzee mmoja mwenye studio ndogo Mwenge, anapiga pasipoti na kuza picha za zamani, hana hata bango la maana. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Naomba usinipe moyo. Nionyeshe makosa." Akanitazama, akavaa miwani, akazipanga mezani kama karata.

Akasema saba kati ya hizo ni picha moja. Watoto wanacheka, wako pekupeku, jua linazama. Akaniuliza, "Hawa unawajua majina?" Sikumjua hata mmoja. Akasema ndiyo maana wote wana uso mmoja. (Na hapa nasema na nyinyi wapigapicha wenzangu wa chuo: tuacheni kwenda uswahilini kuwinda watoto. Sisi wenyewe tumetoka huko huko, tunajifanya watalii.)

Halafu akanionyesha nyingine tatu, nyuso nyeusi tii, huoni macho, nyuma mbingu nyeupe nzuri. Nikasema kamera yangu ni ya zamani. Akacheka. Akasema kamera haijui kama mbele yake kuna mtu au ukuta, yenyewe inapima mwanga unaoingia na inataka kila kitu kitoke kijivu cha katikati. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya mbingu inayowaka, inashughulika na mbingu, mtu anabaki gizani. Sogea karibu upime uso wake, au mgeuze, au ongeza mwanga kwa kile kitufe ambacho hujawahi kukigusa. Akakigusa. Miaka miwili ninayo kamera ile, nilidhani kile kitufe ni cha mapambo.

Nilitoka pale nimechanwachanwa, wadau, na nilikuwa na furaha sijawahi. Kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Nadhani ndiyo sababu huwa namkumbuka Mohamed Amin kuliko wote. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia hapa Dar es Salaam, na Camerapix yake aliianzishia hapa hapa mwaka 1963. Ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia 1984 zilizoamsha dunia. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, fundi wa sauti aliyekuwa naye akafa, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Na alichofanya ni kutafuta mkono wa bandia utakaoweza kubeba kamera, akarudi kazini ndani ya miezi. Alifariki 1996 katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka Komoro. Watu husema "alikuwa jasiri," na ni kweli. Mimi ninachokiona ni kwamba alijua hasa kilichopungua: kitu cha kushikia kamera. Akakitafuta hicho.

Mimi kilichokuwa kinanipungukia kilikuwa simu moja.

Wiki iliyopita nikampigia yule kaka wa Sumbawanga. Yuko kwao, anasubiri ajira za ualimu kama wengine wengi, analima na baba yake. Nikamweleza yote, laptopu, umeme, folda, kufomati, Sinza. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikatazama kama salio limeisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unanidanganya." Nikasema ndiyo. Akakata.

Sikumpigia tena. Niliona ana haki. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe: "Mzee nimemwambia. Kacheka. Anasema uje kabla hajaanza kuvuna. Joho nilisharudisha."

Nauli nimelipa, nondo kavu zile za mchana za bumu nimezisamehe wiki mbili. Basi ni Ijumaa kutoka Mbezi. Kadi ninazo mbili, na flashi ya kuhamishia nimeazima. Kilichobaki ni joho. Mwenye nalo, la mtu mrefu mwembamba, mikono mifupi haina neno, tafadhali anitumie ujumbe kabla ya Alhamisi jioni. Nitalirudisha limepigwa pasi.